Harusi ya Kaptula Nyeupe

Kikao cha tatu cha kamati ndicho kilichovurugika. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba nyuma ya duka la pembejeo, Mbinga mjini, watu kumi na watano hivi, chai na maandazi mezani, baridi ya Julai ikipita chini ya mlango. Mimi nilikuwa katibu. Nilipewa kazi hiyo kwa kuwa ni mwandishi wa habari. Wazee walidhani mtu wa kazi hiyo lazima awe na hati nzuri.

Bwana harusi mtarajiwa, kijana wa Mbamba Bay, akasimama, akatoa shikamoo zote zilizostahili, kisha akasema yeye na mwenzake wameamua. Hawataki ukumbi wa vitambaa na taa za rangi. Hawataki keki ya ngazi tano wala msafara wa magari yenye maua. Wakitoka kanisani, sherehe iwe ufukweni kwao, bibi harusi afike kwa boti, na badala ya DJ wawepo wachezaji wa mganda na kaptula zao nyeupe, soksi ndefu na vibuyu. Wageni nao wavae nyeupe. Wanaume wakiweza, kaptula.

Kimya. Halafu baba mkubwa wa bibi harusi, ambaye ndiye aliyekuwa anamwozesha kwa sababu baba mzazi alishafariki, akaweka kikombe chini.

"Wanangu," akasema, "hiyo si harusi. Hayo ni maigizo."

Neno hilo nililiandika kwenye daftari la kamati kama lilivyo, na limekaa nami mpaka leo. Kwa sababu harusi zenye mada, kama vijana wanavyoziita, zimekuwa gumzo. Kuna wanaovalisha wageni wote mtindo wa miaka ya 1970, kuna wanaooana porini chini ya mbuyu, kuna wanaosema kanga tupu na miguu peku. Kila picha ikisambaa, jibu la wakubwa ni moja kati ya mawili: mambo ya Wazungu, au maigizo. Nami najiuliza: ile nyingine, ya shela na suti na keki, ile tunayoiita "ya kawaida", lini iliacha kuwa maigizo?

Tuanze na gauni lenyewe. Tarehe 10 Februari 1840 Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa amevaa nyeupe. Kabla yake bibi harusi wa Ulaya alivaa rangi yoyote, ilimradi nguo iwe nzuri kuliko zote alizonazo, na aendelee kuivaa baada ya hapo. Wanawake wa ukoo wa kifalme walipenda nguo za kung'aa zilizotariziwa fedha. Victoria alichagua nyeupe pamoja na lesi ya Honiton iliyofumwa kwa mikono, na alikuwa na lake jambo: wafumaji wa lesi ya Kiingereza walikuwa wanakosa kazi kwa sababu ya mashine, naye akataka nchi nzima iione kazi yao. Yaani ilikuwa harusi yenye mada, tena mada ya uchumi. Picha zilichorwa, magazeti yakaandika, matajiri wakaiga, baadaye na wasio matajiri. Haikuchukua hata miaka kumi watu wakaanza kusema weupe huo ni mila ya tangu zamani.

Kwenye ziwa letu ulifika kwa njia ya misheni, na hapo hadithi inakuwa na kona. Waanglikana wa UMCA walijenga makao yao kisiwani Likoma miaka ya 1880, wakawa wanazunguka pwani zote za Nyasa kwa meli. Wabenediktini Wakatoliki walikuja kutoka upande wa nchi kavu: Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899, kisha wakapanda milima ya Umatengo na kushuka hadi ziwani. Ndiyo maana mpaka leo ukitoka Mbinga ya Wakatoliki ukashuka hadi Liuli unaingia kwa Waanglikana, na kila ndoa inayovuka mstari huo inaanza na mazungumzo marefu baina ya familia.

Sasa, msomaji anaweza kudhani wamisionari ndio waliotuvalisha suti. Wale wa UMCA hawakupenda kabisa. Walikuwa na msimamo, uliojulikana Zanzibar, Masasi na huku ziwani, kwamba Mkristo Mwafrika asigeuzwe kuwa nakala ya Mzungu, kanzu ilitosha. Mtu aliyetaka suruali na viatu walimwona ameanza kuharibika. Suti ilikuja kwa watu wenyewe. Ilikuja kwenye masanduku ya vijana waliorudi kutoka mashamba ya mkonge ya Tanga, kutoka migodi ya kusini, kutoka jeshini. Songea na pwani yake ya ziwa ilikuwa, machoni mwa serikali ya kikoloni, ghala la vibarua. Kijana aliondoka na shuka, akarudi miaka miwili baadaye na koti, na koti hilo alilivaa siku ya kuoa. Hakuwa anaiga tu. Alikuwa anawaambia wakwe: nilikwenda, nikafika, nikarudi mzima.

Bibi wa bwana harusi, mzee wa Liuli ambaye akili yake ni kali kuliko yangu, alinisimulia habari ya gauni lake mwenyewe. Nilimuuliza lilishonwa wapi. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, lishonwe na nani? Lilikuwa la misheni." Gauni lilikuwa moja, linatunzwa kabatini na masista, na kila bibi harusi wa mwaka ule alivaa hilo hilo, likibanwa kwa pini kwa mwembamba, likifumuliwa kwa mnene, kisha likarudishwa likafuliwa likasubiri mwingine. Shela nayo ilikuwa moja. Yeye alikumbuka doa dogo upande wa kushoto, chini, ambalo halikutoka. Wanawake wa umri wake wote walilijua doa lile.

Nikafikiri: hiyo si ilikuwa sare? Na hakuna aliyeona aibu, maana kila aliyekaa kwenye benchi alijua gauni ni la kuazima, na mwaka ujao litamvaa binti yake.

Lakini mganda ndio ulionifanya nitafute vitabu. Kijana aliposema "kaptula nyeupe", baba mkubwa aliona wavuvi na ngoma za sikukuu. Mimi niliona vita.

Liuli, kwa Wajerumani, iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe kubwa pale bandarini lenye umbo la simba aliyelala. Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo ikifanyiwa matengenezo. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikatokea na kuipiga mzinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, aliyekuwa rafiki wa kunywa naye, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza, akatoka kwa mtumbwi akitukana na kuuliza kama mwenzake amelewa. Akachukuliwa mateka. Kwa wasomaji wa magazeti London kilikuwa kichekesho. Kwa watu wa ufuko huu kilikuwa mwanzo wa miaka minne ambayo wanaume walichukuliwa kuwa askari au wapagazi, na wengi sana wa wapagazi hao hawakurudi.

Waliorudi walirudi na gwaride. Ngoma ya beni ilikuwa imeshazaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890: vikundi vyenye sare, vyeo vya kijeshi, tarumbeta na ushindani wa kufilisiana kwa karamu. Mombasa kulikuwa na Kingi na Sikochi, hawa wa pili wakivaa sketi za Waskoti. Tanga na Dar es Salaam kulikuwa na Marini na Arinoti. Vita viliisambaza beni bara, kila askari akaibeba hadi kwao. Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975, Dance and Society in Eastern Africa, na humo utaikuta njia iliyoileta mpaka Nyasa, ambako ilibadilika ikawa malipenga upande mmoja na mganda upande mwingine.

Huku hakukuwa na tarumbeta za shaba, kwa hiyo watu wakatumia kibuyu. Kibuyu kinatobolewa, tundu moja linazibwa kwa utando wa buibui, mchezaji anaimba ndani yake na sauti inatoka na mtetemo wa tarumbeta kabisa. Yupo mwenye ngoma kubwa. Wachezaji wanapanga mistari, wanapiga hatua za gwaride zilizopunguzwa kasi, goti linapanda taratibu, bega linashuka, mguu unatua kama unaogopa kuamsha mtoto. Shati jeupe, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mstari unakata, soksi hadi magotini, tai. Kalamu mfukoni hata kama mwenyewe hajui kuandika. Kulikuwa na vyeo: kapteni, sajini, dokta, nesi. Kikundi kilialikwa kijiji jirani, kikalishwa, kikalala, kikacheza, na mwaka uliofuata kikarudisha mwaliko. Aibu kubwa kuliko zote ilikuwa kulisha wageni vibaya.

Wanazuoni wamebishana kama haya yalikuwa kuwaiga wakoloni au kuwakejeli. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Watu wale walitembezwa kwa amri kwenye vita isiyowahusu, kwa sare walizopewa na kunyang'anywa. Halafu wakashona za kwao, wakachagua kapteni wao, wakapiga gwaride ambalo mwisho wake ni chakula. Na walilichagua jambo hilo kwa siku moja, kisha kesho yake wakarudi kuvua mbasa. Kama hiyo si mada, mada ni nini? Zanzibar nayo mpaka leo beni ya mitaani, mbwa kachoka, inasindikiza harusi, na hakuna mzee wa Mji Mkongwe atakayekuambia ni maigizo. Wameizoea tu.

Wanawake nao walikuwa na yao, kioda, wakiwa wamevaa sare, wakienda kwa mstari, wakiimba habari za kijiji ambazo mchana hazisemeki. Sitaki kudai kwamba sare za vitenge tunazoshonesha leo kwa ajili ya kila sendofu zimetoka moja kwa moja kwenye kioda. Lakini shangazi mmoja kwenye kamati, aliyekuwa kimya muda wote, alisema hivi: "Sisi tulishaanza sare kabla ya hawa wa Dar." Nikaandika na hilo.

Na kabla ya hayo yote? Kusini mwa Tanganyika, kabla fedha haijatawala, jembe la chuma lilikuwa sehemu ya mahari katika sehemu nyingi. Ukitazama milima ya Umatengo unaona kwa nini. Wamatengo walibanwa milimani na vita vya Wangoni karne ya 19, wakajifunza kulima miteremko mikali kwa ngoro: nyasi zinafyekwa, zinalazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu, kisha udongo unachimbwa katikati na kufunika zile nyasi, yanabaki mashimo yanayokamata maji ya mvua yasibomoe mlima. Kwa desturi mume ndiye anayefyeka na kulaza nyasi, mke ndiye anayechimba na kufunika. Mmoja akikosekana, shamba halikamiliki. Ningeulizwa mimi mada ya harusi ya Mbinga, ningesema wapelekwe mlimani Machi na jembe jipya, wakwe wakae pembeni waangalie shimo la kwanza. Lakini mimi sikuulizwa, na bibi harusi angenipiga kwa jembe hilo.

Serikali nayo iliwahi kuwa na maoni juu ya mavazi yetu. Mwishoni mwa 1968 vijana wa TANU walitangaza Operesheni Vijana, ikaanza Januari 1969: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, vyote vikapigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Gauni la Victoria halikuguswa. Watu waliowindwa kwa sketi fupi walikuwa wasichana wa mjini. Shela ya lesi ya Kiingereza ikapita mlangoni ikiwa imeshakuwa yetu. Hapo ndipo unaona jinsi mada inavyogeuka kuwa mila: inafika wakati hata mlinzi wa mila haioni.

Sheria ilikuwa na busara zaidi. Mwaka huo huo wa 1969 serikali ilitoa waraka wa mapendekezo, ukajadiliwa na kugombaniwa nchi nzima, ikapatikana Sheria ya Ndoa ya 1971. Inazo kasoro zake. Kubwa ni kuruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, jambo ambalo Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali mwaka 2019. Ila ukiisoma kutafuta harusi ndani yake, huioni. Inataka hiari ya wawili, inataka taarifa itolewe siku 21 kabla, inataka mashahidi. Inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi ya mahari au zawadi haikufuatwa. Ukumbi haumo. Keki haimo. Kadi ya mchango yenye kiwango cha chini haimo.

Nilitaka kuyasema hayo kwenye kikao cha nne. Nilikuwa nimejiandaa kweli kweli, na karatasi. Kabla ya kikao kuanza, mweka hazina akanivuta pembeni tulinganishe daftari la ahadi. Pale kwenye jina la baba mkubwa palikuwa na kiasi kilichozidi ahadi zote nyingine, na pembeni, kwa penseli, neno moja: magoma.

Kwa asiyetoka huku nieleze. Kahawa iliingia Umatengo miaka ya 1920 na ndiyo iliyojenga nyumba za matofali za milimani. Chama kikuu cha ushirika, MBICU, kilianguka miaka ya 1990 wakati biashara ilipofunguliwa kwa kampuni binafsi, na mkulima akabaki anatafuta pa kukopa mbolea. Siku hizi kahawa inapita AMCOS na mnadani, na malipo huja baadaye, wakati mwingine baadaye sana. Sasa shida haingoji mnada. Ada, ugonjwa, msiba, harusi. Mtu anakwenda kwa mwenye fedha, anapewa chake leo, na kahawa iliyoko mtini, pengine ikiwa bado maua, inakuwa si yake tena. Bei anapanga mwenye fedha. Hiyo ndiyo magoma. Viongozi wameikemea miaka nenda rudi, na ipo, kwa kuwa shida ipo.

Na harusi za Mbinga zinaangukia palepale. Kwaresma hakuna ndoa. Masika barabara za vijijini hazipitiki. Kwa hiyo watu wanaoana katikati ya mwaka, wakati kahawa ndiyo inachumwa na fedha yake haijaingia. Kalenda yenyewe inakusukuma kwa mwenye magoma.

Mzee yule alikuwa ameshaahidi kahawa ya shamba la bondeni, bora kuliko mashamba yake yote. Na sababu yake haikuwa majivuno. Alipokuwa anamuuguza mdogo wake, alimwahidi kwamba binti huyu ataolewa vizuri, mbele ya watu, asionekane yatima. "Vizuri", kwa mtu wa rika lake aliyesoma darasa la saba na kuona harusi za makarani, ni ukumbi na suti na keki. Alipoambiwa kaptula na ufuko, alisikia anaambiwa avunje ahadi kwa marehemu.

Bibi harusi alijua. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyemwambia habari ya magoma, wiki moja kabla ya kikao cha tatu. Hakuweza kumwambia mzee "rudisha kahawa yako". Hilo kwa mkubwa wako halisemeki. Akatafuta harusi ambayo haihitaji kahawa hiyo. Mwenzake akamkumbusha babu yake, aliyekuwa kapteni wa mganda. Mimi nilikuwa nimedhani mambo ya mitandao. Nikazikunja karatasi zangu za Malkia Victoria nikazirudisha mfukoni.

Tahadhari inafaa hapa, nisije nikaonekana nahubiri usahili. Harusi ya ajabu inaweza kula fedha kuliko ya kawaida. Nimeziona "za asili" ambazo chungu kimekodiwa kutoka mkoa mwingine na mpiga picha wa droni amelipwa kuliko mpishi. Na hata usahili wenyewe unaporwa. Mwaka 2017 Nairobi, wenzi wawili walifunga ndoa kwa matumizi ya shilingi 100 za Kenya, pete mbili za shilingi 50 moja, nguo za kawaida, hakuna wageni wa maana. Picha zikasambaa, Wakenya wakaguswa, wafanyabiashara wakajitokeza, na tarehe 14 Februari mwaka huo huo wakafanyiwa harusi kubwa ya bure, na gauni na keki na fungate. Siwalaumu hata kidogo, ni nani angekataa. Lakini angalia nchi ilivyofanya: iliipenda ile harusi ndogo mpaka ikaifuta.

Kilichomtuliza baba mkubwa si hoja ya mtu yeyote. Ni yule bibi wa Liuli. Alipanda gari akaja Mbinga na khanga mbili kwa ajili ya baridi, akaketi naye nje ya nyumba saa nzima. Mimi sikuwepo. Nilichosikia ni kwamba hakumwomba kitu. Alimsimulia jinsi kikundi cha marehemu mumewe kilivyoalikwa milimani, kikapanda kwa miguu siku mbili na kaptula zimekunjwa kichwani zisichafuke, na jinsi Wamatengo walivyowalisha. Akataja kijiji. Kilikuwa kijiji cha baba yake mzee huyu.

Kikao cha tano mzee akasema tu, "Mimi nitavaa suti yangu. Kaptula sivai." Tukapiga makofi.

Agosti, basi, tukashuka. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ina lami, kilomita zipatazo 66 za kona juu ya kona, na ziwa linakutokea ghafla chini kama mtu aliyekuwa amejificha. Ibada ilikuwa asubuhi, padri akafanya kazi yake bila kuuliza tutakwenda wapi baadaye. Na boti? Boti haikuwezekana. Agosti ni ya mwera, upepo wa kusini unaokoroga Nyasa mpaka wavuvi wenyewe wanakaa pwani wanashona nyavu. Mwenye boti aliangalia mawimbi, akaangalia gauni, akatikisa kichwa. Bibi harusi akafika ufukweni kwa bajaji, vumbi na kila kitu, na ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizopiga siku ile.

Gauni lilikuwa la kuazima, kwa rafiki aliyeolewa mwaka uliotangulia. Bibi alilikagua upindo kwa vidole, nadhani alikuwa anatafuta doa.

Wachezaji walikuwa kumi na wawili, wengi wazee, wawili vijana wa sekondari ambao soksi zao hazikulingana. Waliingia kutoka upande wa mitumbwi, vibuyu midomoni, mistari miwili, polepole mno. Upepo ulikuwa unapeperusha tai zote upande mmoja. Watoto walianza kucheka, kisha wakaacha. Kapteni alipofika mbele ya meza ya wazee akasimama, akapiga saluti, si kwa maharusi bali kwa baba mkubwa. Yule mzee, katika suti yake nyeusi kati ya watu weupe watupu, suruali ameikunja hadi magotini kwa sababu mawimbi yalikuwa yanafika mezani, viatu mkononi, hakujua la kufanya. Akahamisha viatu mkono wa kushoto, akarudisha saluti.

Tulikula mbasa, wali na ugali wa muhogo. Keki ilikuwepo, ya ngazi moja, imeoka na shangazi. Kuna mambo hayaepukiki.

Kikao cha kuvunja kamati kilifanyika Mbinga wiki mbili baadaye, chumba kile kile nyuma ya duka la pembejeo. Mweka hazina akasoma mapato, akasoma matumizi, akasoma salio, ambalo lilikuwa dogo lakini lipo. Tukakubaliana liende kwa maharusi. Nilikuwa nafunga daftari baba mkubwa aliponiita.

"Katibu, hujaandika."

"Nini, mzee?"

"Andika: kahawa ya bondeni haijauzwa."

Nikafungua daftari, nikaandika.